Ishirini na Wawili Ndani ya Kopo

Bwana Maji hakuwahi kufungua bomba hadi mwisho, hata lile la nyumbani kwake. Alilizungusha mara moja na nusu, akainamisha sikio, akasikiliza. Maji yakitoa sauti, alirudisha nusu. "Maji yakiimba yanamwagika," alisema, na sisi tuliokuwa kwenye foleni tangu alfajiri, madumu yetu yamejipanga mbele yetu kama wanafunzi wa gwaride, tulitamani kumkaba.

Kila mtu pale Chanika, mtaa wetu wa Handeni, alikuwa na habari zake kuhusu alikotoka mtu huyu, na zote zilipingana, kwa hiyo nitaziacha zilale. Mimi nilimkuta tayari yupo, pamoja na funguo zake, kofia yake ya kahawia, na kile kibanda cha maji ambacho juu ya mlango wake alikuwa ameandika neno MAJI kwa herufi ndogo, na chini yake majina yake matatu kwa herufi kubwa: lake, la baba yake na la babu yake. Kuna mgeni mmoja aliyepita, akayasoma yote kwa heshima, akauliza kama marehemu alikuwa mtu mashuhuri.

Handeni, maji ni jambo la kufikiria kabla ya kuamka. Maji yaliyoosha mchele yanaosha vyombo, yaliyoosha vyombo yanafuta sakafu, yaliyofuta sakafu yanamwagiwa mche wa mpapai nyuma ya choo, na mpapai ukizaa tunaula bila maswali. Tunaoga kwa kopo moja, na aliye mtaalamu anabakiza la kunawa uso. Katika mji wa namna hiyo, mwenye ufunguo wa bomba ni mkubwa kuliko mkuu wa wilaya, na anachukiwa zaidi.

Alichukiwa hasa na waliowahi. Kabla ya kufungua, Bwana Maji aliifuata foleni mpaka mwisho, akamtazama mtu wa mwisho usoni, ndipo akarudi kuanza kugawa. Kama tangi lilikuwa limepungua, wa kwanza alipata nusu dumu ili wa mwisho apate angalau kopo. Mama yangu, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kushindwa mabishano, alimwendea siku moja na dumu la tatu.

"Jaza na hili, Bwana Maji. Nina mashono ya shule nzima, wateja wangu wananingoja."

"Mama, foleni ina mkia."

"Mkia wa nani?"

"Ule ule uliokuwa wewe juzi."

Mama alirudi na dumu tupu akitukana njia nzima, na jioni alimpelekea maandazi. Ndivyo tulivyoishi naye: ukiwa mbele unamlaani, ukiwa nyuma unamwombea dua.

Kisha zikaja zile nyakati ambapo kila kitu kiliambiwa kijitafutie. Reli ijitafutie, mkonge ujitafutie, zahanati ijitafutie. Gari jeupe lilishuka na wataalamu watatu waliotufundisha, kwa nusu siku, jinsi ya kubana matumizi ya maji, wakinawa mikono kwa maji ya chupa waliyokuja nayo. Walisema mradi wa maji ulikuwa umebeba watu wengi mno. Ulikuwa umebeba mtu mmoja. Wakampunguza. Mahali pake wakawekwa msimamizi, msaidizi wa msimamizi, na pikipiki, na bomba likafungwa wiki mbili kwa sababu hakuna kati ya hao watatu aliyekuwa na kazi ya kulifungua.

Bwana Maji alipewa kiinua mgongo chake, akapanda lori kwenda Korogwe kununua bati za nyumba. Akarudi na kompyuta.

Naiita hivyo kwa sababu ndivyo boksi lilivyosema. Pembeni lilikuwa na picha ya watoto wa Kichina waliovaa kofia za kuhitimu chuo kikuu, wakitabasamu. Ndani mlikuwa na kibodi ya kijivu, nyepesi kama sanduku la sabuni, ambayo ukiichomeka kwenye runinga inacheza magemu, na ukiichomeka kwenye redio kaseti inahifadhi ulichoandika katika kanda, kwa mlio kama bati linalokatwa. Aliyemuuzia ni mfanyabiashara mmoja wa karibu na stendi ya Korogwe, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, naye aliitika. "Mzee, bati zinashika kutu," Tajiri alikuwa amemwambia. "Hii inashika akili."

Alikodi chumba kilichopakana na cha mama, ukuta wa bati katikati, akafungua banda la gemu. Mbele alitundika ubao akaandika majina yake matatu. Neno GEMU lilikosa nafasi, akaliandika ubavuni.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nakaa na mama kukata vitambaa, kwa hiyo namjua Bwana Maji wa miaka ile kupitia tundu la msumari. Asubuhi vijana walicheza. Mchana, jua likiwaka hata mbuzi wamejificha, alikaa peke yake na kitabu cha maelekezo kilichotoka Kichina kikapitia Kiingereza kikaumia njiani, na kamusi mapajani, akijifunza kuiamuru ile mashine. Aliandika mstari mmoja, akakaa akiutazama kama anayengoja chungu kichemke. Siku nukta ya kwanza ilipotembea kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia, aligonga ukuta kwa ngumi mpaka mama akajichoma sindano.

"Mama! Imekwenda!"

"Nani?"

"Nukta!"

"Basi na irudi," mama alisema, "nina kazi."

Sasa, Tajiri hakuwa ameridhika kuwa na maduka mawili na mafungu ya mitumba yenye urefu wa mnara. Nyuma ya duka lake alifungua ukumbi, na humo akaweka mashine kubwa ya sidii, iliyokuwa na gemu moja la mpira ambalo vijana wetu walianza kulizungumzia kama mahujaji. Walidandia malori ya magunia, wakapita Misima wakimeza vumbi, wakarudi jioni wekundu kichwa hadi kidole, macho tu ndiyo yanaonekana, wakisimulia. Majani ya uwanjani yanayumba! Wachezaji wana vivuli! Golikipa akikosa anapiga chini kwa mkono! Watazamaji wana bendera, na mmoja anakula muhindi!

Banda la Bwana Maji likaanza kutoa mwangwi.

Akaenda Korogwe. Alikaa katika ukumbi wa Tajiri siku mbili bila kugusa chochote, akaandika katika daftari kila alichokiona, hadi yule mla muhindi. Aliporudi alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi.

"Gemu lile litachezwa hapa," alisema. "Kwenye mashine yangu."

"Lote?" mama aliuliza.

"Wale wa Korogwe wana mto, mama. Mtu mwenye mto mlangoni hajui kuoga kwa kopo. Mashine yao ni mto. Hii yangu ni kopo. Lakini sisi na kopo tunajuana."

Hakuwa anatia chumvi. Kumbukumbu ya mashine ile ilitosha ukurasa mmoja wa daftari ulioandikwa kwa kubana, basi. Ukizidisha herufi moja inakugomea. Tena ilikubali vitu vinane tu vitembee kwa wakati mmoja, na mpira ukiwa kimojawapo, wanabaki wachezaji saba. Uwanja una ishirini na wawili.

Ndipo alipoanza kuja kwa mama kuuliza maswali ya ajabu.

"Ukiletewa kitambaa kisichotosha suti, unaanzia wapi kupunguza?"

"Pindo. Kisha mifuko ya ndani. Kisha kola naifanya nyembamba."

"Na mikono?"

"Mikono sikati, Bwana Maji. Mtu atasimamaje mbele za watu?"

Akaenda kukata pindo. Alianza na mla muhindi. Wakafuata watazamaji wote, bendera, mawingu, nyavu, mwamuzi. "Mwamuzi naye?" niliuliza. "Sijawahi kumwona mwamuzi anayesaidia," alijibu. Yakaondoka majani, ikabaki rangi ya kijani kama ukuta wa zahanati. Vikaondoka vivuli, kisha miguu.

"Watakimbia na nini?" mama aliuliza.

"Watafika."

Alipokuwa hana tena cha kuondoa, alianza kutumia kitu kimoja mara tatu, kama maji ya mchele. Duara alilolichora kuwa mpira ndilo lilikuwa kichwa cha mchezaji. Duara hilo hilo ndilo lilikuwa nukta mwishoni mwa jina la Bwana Maji mwenyewe. Kwa maana jina lilikuwapo. Gemu lilianza na majina yake matatu katikati ya kioo, yamezungushiwa nyota, yakiwaka na kuzima, na sauti sita za muziki. Hilo alilitengeneza mwanzo kabisa, kabla ya uwanja.

Kuhusu wale wachezaji ishirini na wawili, kila mtu alimshauri awapunguze. Hata Tajiri, aliyepitia siku moja na gari lake la mizigo akitafuta mahali pa kupanuka, aliingia, akainama mbele ya runinga, akacheka kwa pua.

"Weka watano watano, mzee. Siku hizi dunia nzima inapunguza. Hata mashamba ya mkonge kule Mazinde wamepunguza, na mkonge unaota."

"Mimi sipunguzi mtu."

"Huyu wa pembeni kulia, huyu wa mwisho, anafanya nini? Hata mpira haumfikii!"

"Yupo," alisema Bwana Maji. "Kazi yake ni kuwapo."

Tajiri alifuta kioo cha runinga kwa kiganja kama anayenunua nyanya. "Basi tukubaliane. Siku utakayochezesha mechi hapa, watu wote wamo, kipenga mpaka goli, mimi silileti banda langu Handeni. Vijana wako nakuachia. Ukishindwa, mashine yangu inakuja hapo mbele, mlango kwa mlango. Sijui wewe utakula nini."

"Sikukuu ya pili ya Idi," alisema Bwana Maji. "Baada ya chakula."

Mama alipiga cherehani kwa nguvu kuliko kawaida. Alijua, nami nilijua, kwamba Bwana Maji hakuwa na shamba wala bati, na chumba alichokodi ndicho alicholala.

Jibu la wachezaji saba lilimjia barabarani, akipita mbele ya kibanda chake cha zamani, ambapo yule msaidizi wa msimamizi alikuwa amebandika karatasi: Jumatatu mtaa huu, Jumanne mtaa ule. Karatasi yenyewe aliiandika Bwana Maji miaka ya nyuma. Walibadili sahihi tu. Alirudi karibu anakimbia. Zamu! Wachezaji saba watatembea, wengine kumi na watano wasimame wamegandishwa kama herufi kwenye ubao. Kisha wanaachiwa saba wengine, wale wanaganda. Kisha wengine. Hakuna aliyeondolewa uwanjani. Kila mtu anangoja, kila mtu anafikiwa. Kwa furaha alimwaga chai yake, kisha akainama kuangalia kama inaweza kufaa kwa mpapai.

Sikukuu ya pili ya Idi watu walijaa mpaka tukaondoa mlango. Walikuja Waislamu na mishikaki mkononi, Wakristo na njaa zao. Alikuja mfugaji mmoja wa Mazingara, mtu mrefu aliyeleta suruali kwa mama kupunguzwa, akasimama nyuma na fimbo yake akitazama juu ya vichwa vya wote. Tajiri alikaa mbele, kwenye kiti alichokuja nacho.

Bwana Maji alibonyeza redio kaseti. Kanda ililia muda wa kumaliza mishikaki miwili. Kisha jina likatokea, nyota zikawaka, sauti sita zikapigwa, watu wakapiga makofi, naye akavua kofia.

Uwanja ukaja.

"Wachezaji wako wapi?" kijana mmoja aliuliza.

"Hao."

"Hivyo vidudu?"

Mfugaji wa Mazingara alinyoosha fimbo yake juu ya vichwa, midomo ikitembea. Mtu aliyezoea kuhesabu ng'ombe wanaotoka zizini hahitaji kurudia. "Ishirini na wawili," alisema. "Wote wapo."

Mechi ikaanza, na Mungu anisamehe, sijawahi kuona kitu kinachokwenda polepole namna ile. Saba walisogea hatua moja, wakaganda. Saba wengine wakasogea. Kutoka katikati hadi kwenye boksi la kumi na nane mtu angekaanga chapati na kuzigeuza. Vijana walicheka, wakazomea, wawili wakatoka. Tajiri alifumba macho kwa starehe.

Lakini bibi mmoja aliyekuwa ameketi sakafuni, ambaye sijui kama aliwahi kuona mpira wowote, aliuliza: "Mbona hao wamesimama?"

"Wanangoja zamu, bibi," alisema Bwana Maji.

"Ahaa!" Bibi akajinyoosha. "Basi wale wa kushoto ni mtaa wetu. Hatujapata tangu Jumatatu!"

Chumba kikapasuka. Kwa muda wa kufumba macho kila mtu alikuwa na mchezaji wake. Wa juu wakawa watu wa sokoni, wa chini watu wa kwa mganga wa meno, na yule wa mwisho kulia, ambaye mpira haumfikii, wakamwita Mkia. Zamu ikihama, upande mmoja unalalamika na mwingine unashangilia. "Funga bomba huko, tumekaukiwa!" "Nyie mmejaza, pisheni!" Waliotoka walirudi. Hata mfugaji alikuwa anapiga chini kwa fimbo. Nilimtazama Bwana Maji: uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza bomba lisiloimba.

Tajiri alifumbua macho. Akavuta kiti.

Mpira ulisogea kwa hatua za duara lile lile lililokuwa kichwa cha watu ishirini na wawili. Ukafika kwenye mstari. Ukavuka.

Runinga ikawa nyeusi. Juu kushoto yakatokea maneno mawili ya Kiingereza ambayo Bwana Maji peke yake aliyaelewa, na alipoyaelewa alikaa chini.

Kopo lilikuwa limejaa. Kuandika neno GOLI na kukumbuka moja bila, mashine ilihitaji nafasi ya herufi kadhaa, na hazikuwapo. Na hakujua, kwa sababu katika majaribio yote ya miezi ile, gemu lilikwenda polepole na umeme wetu ulikuwa wa zamu kama maji yetu. Haukuwahi kumwacha afike golini.

"Mpira usio na goli!" Tajiri alisimama akikung'uta suruali. "Mzee, umewaweka watu wote ukasahau walichokuja kufanya!"

"Toa mmoja!" vijana walipiga kelele. Walikuwa upande wa Bwana Maji sasa, na ndiyo maana iliuma. "Mtoe Mkia, mzee! Goli litaingia! Mmoja tu, nani atajua?"

Nilimwona akiweka kidole juu ya kibodi. Banda lake, kitanda chake, kauli yake mbele ya mji mzima, vyote vilikuwa chini ya kidole kile. Aligeuka akatazama watu mpaka wa mwisho, yule mfugaji aliyesimama kwenye jua nje ya fremu ya mlango.

"Atajua yeye," alisema. Akachomoa waya.

Walipoondoka wote, mama alimletea chai. Alitazama kile kioo cheusi, kisha akatazama juu, kwenye ubao wa mlangoni wenye majina matatu. "Bwana Maji," alisema, "mteja akiniletea kitambaa kisichotosha, jambo la kwanza huwa nauliza kama kuna urembo." Bwana Maji alitoka na kikombe chetu mkononi.

Tajiri alileta mashine yake kabla mwezi haujaisha. Bwana Maji alihama na kibodi ndani ya mfuko wa rambo, na ubao wake tukaufanya meza ya kupigia pasi.

Nilimwona tena baada ya miaka kadhaa, Korogwe, basi langu la Dar likiwa limeharibika na dereva ameapa kuwa ni dakika kumi. Nilipita nyuma ya stendi, nikafika kwenye ukumbi wa Tajiri. Mlangoni alikaa mzee mwenye kofia ya kahawia. Vijana thelathini, runinga nne. Nikamwona akiinuka, akaifuata foleni mpaka mwisho, akamtazama mtu wa mwisho usoni, akarudi.

"Shikamoo, Bwana Maji."

"Marahaba, binti cherehani. Mama hajambo? Nina kikombe chake."

Alinieleza bila uchungu kwamba Tajiri alimtafuta mwenyewe, baada ya vijana kuvunja viti wakigombea nani acheze. Magemu mapya yalikuwa mazito hata kwa mashine ya mto, alisema, yanakwama katikati na mchezaji anabaki hewani na mguu juu. Na Tajiri, akitokwa jasho, amekuwa akimwuliza kwa upole kama kuna cha kupunguza.

"Nawe unamwambiaje?"

"Namwambia aanze na mla muhindi."

Nyuma ya mapazia, juu ya stuli, kibodi ya kijivu ilikuwa imechomekwa kwenye runinga ndogo. Aliweka kanda. Tulisikiliza bati likikatwa. Kisha, bila nyota, bila hata moja ya zile sauti sita, ukaja uwanja, na watu wake wote wamesimama. Nikawahesabu kwa kidole. Ishirini na wawili.

"Jina lako liko wapi?"

Alinipa kibodi, akanionyesha vitufe. Tulicheza zamu kwa zamu, na basi langu lilipiga honi mara mbili, nikaliacha lipige. Mpira ulikwenda, ukaganda, ukaenda, mpaka ukamfikia yule wa mwisho kulia, yule Mkia, asiye na miguu. Zamu yake ilipofika alisogea hatua moja. Mpira ukavuka mstari.

GOLI, runinga iliandika. MOJA BILA.

Bwana Maji aliinamisha sikio kuelekea kwenye mlio mdogo uliotoka runingani, akatikisa kichwa taratibu, ameridhika.

"Nilipunguza mtu mmoja," alisema.

Ndiyo sababu, katika kurasa zote hizi, nami jina lake sijaliandika.